Futa Picha ya Kumi na Mbili

Mdogo wangu Karisa,

Salamu sikuletei. Za mama ninazo, maana kila siku ananipa nikufikishie, lakini nimezizuia hapa kwangu mpaka tumalizane.

Usishangae kuniona huku. Nimekupigia simu hadi yule mwanamke anayesema mteja hapatikani nimemzoea. Nimekuandikia ujumbe, ukawa unausoma na kunyamaza, halafu ukanifungia kabisa. Ndipo nikagundua kuna mahali pamoja ambapo hujawahi kumnyamazia mtu: hapa, chini ya njia yako uliyoiweka mtandaoni, kwenye kisanduku wanamoachia wageni maoni yao na nyota zao. Mgeni akiandika kwamba amefurahia kivuli cha mikorosho, haipiti saa moja ushamjibu, "Asante kwa kutembea nasi." Akilalamika kwamba mchanga umemwingia viatuni, unamjibu kwa upole mwingi, "Pole sana, tutalifanyia kazi." Basi na mimi nimejiandikisha kama mgeni. Kisanduku chenyewe hakipokei maneno mengi kwa mara moja, kwa hiyo barua nimeikata vipande vipande. Isome kwa mpangilio. Nanyi wageni mtakaofika hapa mkitafuta njia ya kwenda mikokoni, mniwie radhi. Haya ni mambo ya nyumbani, ila sikupata mlango mwingine wa kuyapitisha.

Ninalotaka ni moja tu. Futa picha ya kumi na mbili.

Kwa nini nataka uifute unajua, tena unajua kuliko mimi. Lakini nitaeleza, kwa sababu wewe ukiambiwa jambo usilolipenda hujitia hamnazo, na safari hii nataka watu wengine wawepo wakikutazama.

Nianze na mazuri, usije ukasema dada yako amekuja na matusi matupu. Matusi yapo, yanafuata.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiwatembeza watu? Tunawapokea pale lami, kando ya kibanda cha kuchajia simu, tunashuka nao kupitia mashamba mpaka mikokoni, na kuwarudisha kabla jua halijawa kali. Mimi mbele, wewe nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa na mdomo: huu mti unaitwa hivi, yule ndege huja miezi fulani, hapa shika mkono wa mwenzio. Wewe ulikuwa na dumu la maji, kamera shingoni, na wale waliochoka. Mtu akibaki nyuma hakuwahi kubaki peke yake, kwa kuwa ulikuwa naye. Nilipenda kazi ile kwa sababu yako, na nakwambia leo kwa sababu wakati ule sikukwambia.

Na unamkumbuka yule bibi wa Kiitaliano mwenye goti bovu. Alimuuliza jirani yetu aliyekuwa akipalilia, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mbali?" Jirani akainua kidevu kuelekea baharini akasema, "Hapo tu." Ukamwona bibi wa watu amefurahi, ameanza kukazana na fimbo yake. Sisi tunajua "hapo tu" ya kwetu. Inaweza kuwa nyuma ya ua, inaweza kuwa mwendo wa saa nzima. Msemaji hakudanganya, alimtia moyo. Yule bibi alitembea "hapo tu" mpaka akakaa chini kwenye mchanga akalia machozi, nami nikasimama pale na majina yangu yote ya ndege, hayana kazi. Wewe ulikimbia ukarudi na mkokoteni wa kubebea nazi. Ulimkalisha juu ya gunia ukamvuta mwenyewe mpaka mikokoni, naye akaacha kulia akaanza kucheka, akawa anawapungia watu mashambani kama bibi harusi.

Siku ile ndiyo ulisema, "Dada, mdomo unadanganya. Picha haidanganyi."

Ukaanza. Kila kona picha moja, na kila picha ina lokesheni yake, ili mtu mwenye simu ajue amesimama wapi na mbele kuna nini. Ya kwanza, kibanda cha kuchajia simu. Ya pili, mkorosho uliolala, shika kulia. Ya tano, kisima cha shule, pana kivuli na jiwe la kukalia. Ya saba, mbwa hapa anabweka lakini hang'ati. Uliandika hatua ni ngapi toka kivuli hadi kivuli. Uliandika mizizi iko wapi, mchanga mzito uko wapi, na mwenye kiti cha magurudumu apite upande gani. Nakumbuka uliazima mkokoteni wa magurudumu madogo kwa fundi baiskeli, ukausukuma njia nzima, ukiinama kila unapokwama na kupiga picha mahali ulipokwamia. Watu walidhani umerukwa na akili. Mimi nilikutetea.

Na yule bwana wa Nakuru je, aliyekataa kusukumwa? Mkewe alibaki lamini amejishika kifua, naye akaingia njiani peke yake na kiti chake, simu yenye picha zako mapajani. Alirudi baada ya saa mbili, tope mpaka kwenye viwiko, akasema, "Mara ya kwanza maishani nimepotea na kujirudisha mwenyewe." Nilijivunia wewe siku ile. Kwa hiyo usije ukaniandikia hapa kwamba sielewi maana ya kazi yako. Naielewa. Kama nisingeielewa nisingekuwa na hasira hii.

Sasa njoo kwenye picha yenyewe.

Wageni wasiojua, njia ya mikokoni hupita uani kwetu, kati ya nyumba na jiko la makuti. Imepita hapo tangu enzi za babu, na hakuna aliyewahi kuona ubaya. Wewe Karisa ulifurahi zaidi, kwa kuwa kote kuna mchanga isipokuwa hapo. Uliandika, "Udongo mgumu, magurudumu yanapita vizuri." Hukuandika kwa nini ni mgumu. Ni mgumu kwa sababu mama huufagia na kuunyunyizia maji kila asubuhi tangu sisi hatujazaliwa. Huo ndio udongo unaosifiwa humu na watu wasiomjua.

Picha ya kumi na mbili ni mama. Amekaa kwenye kigoda chake, sinia la sima na mboga ya mchunga liko mbele yake, mkono wa kulia ameuinua, mdomo wazi, anacheka. Chini yake umeandika: "Mwenyeji anawakaribisha wageni wote."

Tazama ulichofanya, Karisa. Wewe, uliyezaliwa kwenye ua huo.

Kwetu mtu anayekula akiona watu wanapita husema karibu. Hawezi kutosema. Akinyamaza ni sawa na kuwafukuza. Na wanaopita husema starehe, yaani kaa, usijisumbue, kisha wanaendelea na safari yao. Basi. Karibu hiyo haifunui sinia wala haifungui mlango. Mtoto wa miaka minne anajua, wala hakuna aliyekaa kumfundisha. Tulipokuwa tunapitisha makundi, mama alisema karibuni, nami nilikuwa mbele nikasema starehe mama kwa niaba ya wote, na kundi likapita. Hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kujua kwamba pale palikuwa na kazi inafanyika, na kwamba kazi hiyo ilikuwa yangu.

Simu haisemi starehe.

Wa kwanza walikuwa mtu na mkewe, vijana wapole tu. Walifika, wakamwona mama, wakamtazama yeye, wakatazama simu, wakaingia wakakaa mkekani wakingoja. Mama ni mama. Alisimama akaigawa sima yake mafungu matatu. Wakaipiga picha, wakamega matonge mawili, wakashukuru sana, wakaenda zao. Baadaye nikasoma humu humu: "Ukarimu wa kweli! Mama alitupa chakula, msikose." Nyota tano. Nawe ukajibu kwamba umefurahi kusikia hivyo. Toka siku ile wakawa wanakuja na njaa zao.

Mmoja alifunua sufuria jikoni apige picha ya mvuke. Mmoja alitundika mkoba wake juu ya koma, kile kigogo tulichomchimbia babu alipofariki, akakaa kando yake akifunga kamba za viatu. Mama alikwenda kuutoa yeye mwenyewe, akauweka mkekani taratibu ili mgeni asione haya. Nami nilipotaka kusema, alinikata jicho.

Akaacha kula nje. Mwanamke ambaye maisha yake yote amekula uani, upepo ukimpiga na wapita njia wakimsalimu, sasa akawa anakula ndani mlango umerudishwa. Unafikiri walikoma? Walisimama nje wakaita, "Mama? Mama?" Mama yao nani? Akitoka, wanamtazama yeye, wanatazama simu, wanamtazama yeye tena, kama askari anayekagua kitambulisho. Mwezi uliopita msichana mmoja alimwomba ainue mkono, kama kwenye picha, akae vile vile kwenye kigoda. Mama akainua. Msichana akasema bado, juu kidogo. Mama akainua juu kidogo.

Nilikuwa mlangoni. Nilimtoa yule msichana uani kwa maneno ambayo sitayarudia mbele ya wageni wako. Yeye naye ameweka nyota mbili na kuandika kwamba kuna mwanamke mkali kwenye picha ya kumi na mbili. Mwanamke mkali ni mimi, wasomaji. Naitwa Sidi.

Nilipokupigia, kabla hujanifungia, ulinijibu nini? Ulisema, "Dada, hiyo ndiyo picha inayowaleta watu." Nikakwambia inamtesa mama. Ukasema, "Haimdhuru mtu. Tunaweza kurekebisha maelezo." Tunaweza. Wewe na nani? Uliongea kwa ile sauti unayowajibia wageni, sauti ya mtu aliyevaa beji, na mimi ndiye niliyekufundisha kupenga kamasi. Nilikata simu. Kesho yake nilipokupigia tena, nikakuta umenifungia.

Wala usidhani nalilia kazi. Makundi hayanihitaji tena, ni kweli, njia wanaijua kwa simu. Siku hizi nawatembeza wapenda ndege msituni, nao wana adabu ya kunyamaza. Kazi ulinichukulia bila kuniuliza, na hilo nimeshalimeza. Lakini la mama silimezi.

Kuna jambo moja linanibana, nami nitalisema kabla hujaniwahi. Siku uliyokuwa unaandika maelezo ulikuwa umekaa barazani na simu yako, mimi napepeta mchele. Ukaniuliza, "Dada, hapa mama anasemaje?" Nami bila kuinua uso nikajibu, "Anasema karibu, atasema nini kingine?" Neno lile nililitoa mimi. Sikukwambia uongeze starehe, kwa kuwa nani huongeza? Nilidhani wewe na mimi tuna masikio mamoja. Kwa hiyo kosa la kwanza tuligawana, na sehemu yangu nimeibeba muda huu wote nikidhani ndiyo kubwa.

Mpaka wiki iliyopita.

Mama haoni vizuri tena. Hukuambiwa, maana ungeambiwa kwa simu gani? Ni mtoto wa jicho, la kushoto limefunikwa kabisa na la kulia linafuata. Anaona kivuli cha mtu, haoni uso. Tunangoja zamu yake hospitalini. Lakini masikio yake ni yale yale, na kila kundi likipita anawahesabu kwa hatua zao. Zamani, unakumbuka, alikuwa akiniona nimetokea mbele, kabla ya salamu yoyote huuliza, "Karisa yu nyuma?" Nami najibu, "Yu nyuma, mama." Ndipo anakufunikia sahani.

Bado anauliza.

Kila kundi, Karisa. Wakitokea kwenye mikorosho na simu zao anatega sikio, anangoja wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwake hao ni wageni wako. Nilipomwambia nitafunga ua kwa makuti wasipite, alinikemea. "Hawa wametumwa na Karisa. Nikiwafukuza hawa, nimemfukuza yeye." Kwa ajili hiyo anagawa sima. Kwa ajili hiyo anainua mkono juu kidogo. Anadhani mtu anayewaleta watu mlangoni kwake kila siku hawezi kuwa mbali, lazima atakuwa anawasindikiza wale waliochoka, anakuja. Na mimi, ambaye sijawahi kumdanganya mama hata juu ya sukari iliyopungua koponi, nimekuwa nikimjibu kila siku, "Yu nyuma, mama."

Wa mwisho akishapita anangoja kidogo. Kisha anaifunua sahani yako, anaitia ile sima ndani ya sufuria, na siku inaendelea.

Wiki iliyopita nilikaa naye nikamsukia nywele. Nikamsimulia picha, maana mwenyewe haioni. Nikamwambia, mama, humu umecheka, umeinua mkono, unawakaribisha wageni. Akasema, "Wageni gani?" Nikasema, wale wa siku ile. Akasema, "Wageni walikuwa wameshapita. Ulishaniambia starehe wewe, mkaenda. Pale nilikuwa nasema na Karisa."

Nikaacha kusuka.

Nikamuuliza alikwambia nini. Akanieleza, tena kwa sauti ile ile, maana hajasahau hata silabi: "We wa nyuma, hebu pita ule. Sima ingali moto."

Nikamuuliza, naye akajibuje?

Akasema, "Alisema, starehe mama."

Karisa. Starehe ni neno la mpita njia. Ndilo tunalomwambia mtu ambaye si wetu, ili tusimguse chakula chake. Ulisimama kwenye ua uliotambalia utotoni, mamako amekuinulia mkono akuite ule, ukainua kamera ukampiga picha, ukamwambia starehe, ukapita. Keshokutwa yake ulipanda gari na begi lako, ukasema unakwenda mara moja. Na katikati ya siku hizo mbili ulikaa barazani ukaniuliza mimi, "Dada, hapa mama anasemaje?" ilhali ulimsikia kwa masikio yako. Ulitaka mtu mwingine akupe maneno ya kuweka chini ya picha, kwa sababu maneno yenyewe ungeona haya kuyaandika. Nami nikakupa. Ukachukua mwito wa mama kwa mwanawe ukautandaza ulimwenguni, kila mwenye simu ajue aliitwa yeye, kasoro wewe.

Mimi sijui ulikuwa na haraka gani siku ile. Huenda ulikuwa umeshapata kazi yako na ulichelea kwamba ukikaa kwenye ule mkeka utashindwa kuaga. Nimejaribu kukuonea huruma kwa njia hiyo. Nimejaribu mara nyingi, maana nimekubeba mgongoni na nakukumbuka ulivyokuwa mwepesi. Imenishinda. Naziona picha zako mpya za milima yenye ukungu, sijui ni nchi gani, kila jiwe umeliandikia mahali lilipo. Jiwe la huko unajua liko wapi. Mama yuko wapi?

Najua utakalosema: tukiifuta hiyo picha, mwenye kiti cha magurudumu atapita wapi? Usihangaike. Nimekupimia. Ukifika mkorosho uliolala usishike kulia, shika kushoto, pita nyuma ya shamba la jirani. Pale penye mchanga mzito mimi na jirani tumelaza mbao za mnazi, zimebanana, gurudumu halizami. Nimesukuma mkokoteni wa fundi baiskeli mara mbili, kwenda na kurudi. Nimepiga picha tatu na kuwasha lokesheni, nimeziweka chini ya barua hii. Hazina mtu hata mmoja ndani. Kwa hiyo yule bwana wa Nakuru akirudi atafika mikokoni bila kupita kwetu, nawe umekosa kisingizio.

Nanyi wageni, kama mtafika kabla hajaifuta, nawaomba: atasema karibu. Semeni starehe mama, halafu endeleeni. Msikae. Ninyi neno hilo ni lenu, mlitumie bila wasiwasi.

Nyota nimeweka moja, maana kisanduku kimekataa kupokea barua bila nyota. Ni ya udongo mgumu, na aliyeufagia unamjua.

Sasa sikiliza. Nakupa mpaka Jumapili. Jumapili kundi la kwanza likitokea mikoroshoni mama ataniuliza, nami safari hii nitamjibu kweli. Nitamwambia hakuna mtu nyuma. Nitamwambia hao si wageni wako, hukuwatuma, hata majina yao huyajui, na kwamba sahani asiifunike tena. Nitamwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo huu, na yatakayompata baada ya hapo yatakuwa juu yangu na juu yako nusu kwa nusu, kama lile neno la kwanza.

Usinijibu "asante kwa kutembea nasi." Ukinijibu hivyo nitakuja huko kwenye ukungu wako kwa miguu.

Futa picha. Au kama moyo wako unakataa kuifuta, njoo. Njia unayo, uliichora mwenyewe: kibanda cha kuchajia simu, mkorosho uliolala, kisima cha shule, mbwa asiyeng'ata. Hakuna wa kukupokea lamini na sitatangulia mbele yako. Ukifika ya kumi na mbili atasikia hatua zako kabla hajakuona, na atakwambia karibu.

Usithubutu kumwambia starehe.

Ni mimi dada yako,
niliyekuwa nikienda mbele.